Nei Roreti na Nahodha Aliyepelekwa London

Nei Roreti, yaani Bi Roreti kwenu, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mwenye magoti mabovu na sauti ya kuamsha kanisa zima. Kazi yake ilikuwa kupanda meli za kigeni na kuwatazama watu wakivua. Ndiyo kazi yenyewe. Alilala kwao, alikula kwao, na kila walichokitoa majini alikiandika: jodari wangapi, sehewa tani ngapi, papa gani kanaswa bila kukusudiwa, na alirudishwa mzima au mzoga. Kwenye karatasi anaitwa mwangalizi. Mabaharia walimwita Mama Kalamu, na wengine walimwita majina ambayo sitayataja hapa kwa sababu mama yangu bado yu hai.

Mimi nilikuwa karani wa kituo cha polisi cha London. Nisieleweke vibaya: ni London yetu, ya kisiwa cha Kiritimati, katikati ya Pasifiki, yenye gati moja, makanisa yake na mbwa wasio na idadi. Ile nyingine sijafika. Mambo ya nchi kavu niliyaona kwa macho yangu. Ya baharini nilisimuliwa na Roreti mwenyewe, kisha nahodha naye akanisimulia upande wake, na ajabu ni kwamba hawakupishana sana, isipokuwa juu ya nani alipiga kelele zaidi.

Meli iliitwa Santa Griselda. Bendera yake ilikuwa ya nchi isiyo na hata hatua moja ya pwani, na hakuna baharia hata mmoja aliyewahi kukanyaga huko. Nahodha alikuwa Mhispania wa kaskazini, Evaristo Lamas, mtu mrefu mwenye masharubu na uso wa mtu aliyecheleweshewa chai. Walikuwa na leseni halali ya kuvua ndani ya maili zetu mia mbili. Lakini ilikuwa Agosti, na kuanzia Julai hadi Septemba ni marufuku kuvua kwenye chelezo. Chelezo ni kitu chochote kinachoelea, gogo au boya, ambacho samaki hujikusanya chini yake. Na wengi wanaojificha pale ni watoto wa jodari, ambao bado hawajazaa. Ukizungushia wavu hapo umekomba ukoo mzima, babu mpaka mjukuu.

Alfajiri moja, bahari ikiwa imetulia kama mafuta kwenye sahani, nahodha aliamuru wavu ushushwe. Roreti alikuwa amesimama juu na kikombe chake cha chai. Akaona katikati ya lile duara kubwa la wavu kuna kitu.

"Kapteni," akaita, "kile nini?"

"Kipi?"

"Kile cheusi, chenye ndege juu."

Nahodha akainua darubini, akatazama upande mwingine kabisa. "Sioni kitu."

"Geuka."

"Ah, kile! Kile ni nyangumi. Amekufa, maskini."

"Nyangumi mwenye kamba?"

"Pengine alinaswa mahali akakata."

"Na mtambo wa umeme wa jua mgongoni?"

Nahodha akashusha darubini. Roreti akanywa chai yake taratibu, akasema, "Halafu nikukumbushe, Kapteni, kumzungushia wavu nyangumi nako ni kosa. Tena kubwa zaidi. Sasa niandike nyangumi au niandike chelezo? Chagua mwenyewe, leo nimeamka na roho nzuri."

Nahodha akafikiri. Masharubu yakacheza. "Andika chelezo," akasema.

Ndivyo Evaristo Lamas alivyokiri kosa lake kabla ya kifungua kinywa. Alipogundua alichosema, tayari kalamu ilikuwa imeshapita.

Mchana akaanza kumbembeleza. Alimtolea chumba kizuri, chenye dirisha. Akamletea manukato. Jioni, chini ya mlango wake, zikapenyezwa chokoleti mbili. Roreti aliyaandika yote: "Chumba, kimoja, nimekikataa. Manukato, chupa moja, nimerudisha. Chokoleti, mbili, za maziwa, nimezihifadhi kama ushahidi." Aliniambia kwamba katika miaka kumi na moja ya kazi ile hakuna ushahidi uliomtesa kama ule. Zilikaa mezani siku mbili zikimtazama.

Bembelezo lilipokwisha, meli ikanyamaza. Mezani watu hawakumsogezea chumvi. Msaidizi wa nahodha alimpita kwenye ujia akamgusa bega kwa nguvu iliyozidi kidogo inayohitajika. Roreti alikuwa na kifaa chake cha kutuma ujumbe kwa setilaiti; akaandika mahali walipo, saa na tukio, akatuma. Kisha akaweka kiti nyuma ya mlango na akalala amevaa viatu. Kazi hii ina watu waliopanda meli wazima na wakarudi wakiwa jina tu kwenye karatasi. Kila mwangalizi analijua hilo, na hakuna anayelizungumza mezani kwake.

Sasa, nchi yetu ina bahari kubwa kuliko akili ya mtu, na boti ya doria moja. Ni kama kupewa ufagio mmoja ufagie uwanja wa ndege. Lakini Mungu hakulala: boti ilikuwa karibu, na ilikuwa na mafuta. Siku ya tatu asubuhi ikatokea. Askari wanne wakapanda, wakakagua ghala la barafu, wakatazama kitabu cha safari, wakasoma maandishi ya Roreti. Kisha ofisa akatangaza, "Nahodha, meli imekamatwa. Mtatufuata mpaka London."

Mpishi wa meli, Mfilipino aitwaye Crisanto, aliposikia hivyo akamkimbilia Roreti.

"Mama Kalamu! London kweli?"

"Ndiyo, London."

"Kuna baridi sasa hivi?"

"Agosti? Wala. Joto tupu."

"Nina binamu yangu kule, ni nesi. Nimpelekee habari?"

"Mpelekee," Roreti akasema. "Ila mwambie asisumbuke kuja kukupokea."

Alikuwa na hamu ya kucheka siku tatu zile, na nadhani tunaweza kumsamehe. Crisanto alipiga pasi shati lake jeupe, akavaa na koti. Meli ilipotia nanga akatoka nje akiwa amepaka nywele mafuta, akakuta minazi, mchanga na mbuzi mmoja juu ya paa la gari bovu. Mimi nilikuwa kwenye boti ya kuwapokea. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Saa kubwa iko wapi?" akaniuliza.

"Tuna kengele ya kanisa," nikamwambia. "Lakini inapigwa Jumapili tu."

Mkubwa wa kituo chetu alikuwa Sajini Moaniba. Moaniba aliipenda sheria kama watu wanavyopenda timu ya mpira: kwa moyo wote na bila kuisoma. Nahodha alipokanyaga gati tu, Moaniba akamshika mkono, akamvusha barabara, akamtia mahabusu. Chumba chetu cha mahabusu kilikuwa kimoja, na siku hiyo kilikuwa na mashine ya boti iliyoharibika pamoja na kuku watatu wa ushahidi katika kesi nyingine. Nahodha akaketi juu ya mashine. Kuku wakamkubali.

Roreti alikuwa ameshafika kwake. Alikuwa ameoga maji baridi ya kisima, ameketi na shelisheli la kuchoma mapajani, tonge la kwanza halijafika tumboni, jirani akapita akipiga vigelegele: "Wamemfunga! Mwizi wa samaki wamemfunga!" Roreti akaweka sahani chini. Alikuja kituoni nywele zikidondosha maji.

"Moaniba, fungua."

"Karibu, dada. Nifungue nini?"

"Mlango. Mtoe huyo mtu."

Sajini akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. "Dada yangu, si wewe ndiye uliyemshtaki?"

"Nimemshtaki, ndiyo. Sikusema umfungie na kuku."

"Ameiba samaki wetu!"

"Amevua kinyume cha leseni. Meli tumeikamata, ni haki yetu. Tumekagua, ni haki yetu. Mahakamani tutakwenda, ni haki yetu. Lakini kumtia mgeni jela kwa kosa la uvuvi, hiyo si haki yetu. Sheria ya Bahari imekataza. Faini, sawa. Jela, hapana, labda nchi yake na yetu ziwe zimekubaliana hivyo, na hazijakubaliana."

"Imekataza wapi?"

Wote wawili wakanigeukia mimi. Nikaenda kabatini. Kitabu kilikuwa chini ya vitabu vya nyimbo za Krismasi na kilikuwa kimeliwa pembe moja na panya, lakini kifungu cha sabini na tatu panya alikiacha. Moaniba akasoma midomo ikitembea. Akarudia. Akageuza ukurasa kuona kama nyuma kuna maneno mengine ya kumsaidia.

"Nani aliandika hii?"

"Mataifa," Roreti akasema. "Na sisi tumejiunga."

"Mimi sikujiunga."

"Kaa chini, Moaniba, usinichekeshe nina njaa. Hicho hicho kitabu ndicho kinachosema maili mia mbili ni zetu. Bila hicho, huyu mtu angekuja kuvua mpaka kwenye ndoo yako ya kuogea. Huwezi ukakipenda ukurasa huu ukauchana ule."

Kutoka ndani ya mahabusu nahodha akauliza kwa Kiingereza chake kilichovunjika kama ana ruhusa ya kusema. Wote wawili wakamjibu pamoja, "Hapana!"

Moaniba akakubali, ila akaweka sharti: nahodha asirudi melini, maana akirudi ataweza kung'oa nanga. Mabaharia wabaki na askari wawili, nahodha alale nchi kavu. Wapi? Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa wazungu waliotoka mbali kuja kuvua samaki kwa ndoano, kumpiga picha na kumrudisha majini. Nahodha alipoelezwa jambo hilo alilirudia mara mbili. "Wanalipa ili wamrudishe?" Ndiyo, tukamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia msiba.

"Basi," Moaniba akasema, akikunja mikono, "kwa kuwa dada yetu anaijua sheria hivi, nahodha akae kwake."

Alidhani Roreti atakataa. Roreti akamtazama, akasema, "Haya. Twende, Kapteni. Shelisheli langu linapoa."

Mumewe, Kauriri, alikuwa mgema na mkata mbata. Saa hiyo alikuwa juu ya mnazi akikinga tembo la jioni, na kama kawaida yake alikuwa akiimba. Akawaona wanakuja, mkewe mbele, mzungu mrefu nyuma na begi. Wimbo ukakatika.

"Mama watoto," akaita kutoka juu, "wanawake wengine wakitoka baharini wanaleta samaki!"

"Shuka ukamkaribishe mgeni."

"Mgeni? Wiki sita hupo, unarudi na nahodha! Ungechelewa kidogo ungeniletea na meli."

"Meli iko bandarini. Shuka."

Kauriri akashuka. Alimzunguka nahodha kama anayekagua ng'ombe, akampimia tembo tamu kwenye kifuu, nahodha akanywa, akaomba tena. Hapo nusu ya uadui ikaisha. Mgema hawezi kumchukia mtu anayeomba tena.

Kazi yangu mimi ikawa barua. Sheria hiyo hiyo inasema tukikamata meli ya kigeni tuijulishe haraka nchi ya bendera. Nikaandika. Hakuna jibu. Nikaandika tena. Ikaja barua pepe iliyosema wanashukuru kwa kupendezwa na utalii wa milima yao. Nikaandika mara ya tatu kwa herufi kubwa. Wakajibu kwamba ofisi ya meli imefungwa kwa sababu ya theluji. Theluji, Agosti! Moaniba akaniamuru niweke nakala zote kwenye faili. "Ili ijulikane sisi tulifanya yetu," akasema. Na kweli, tangu siku ile ya kitabu alikuwa amebadilika kidogo. Alikuwa anakibeba kwapani hadi kwenye mpira.

Waswahili mnasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kauriri alimpa kisu cha kukatia mbata. Nahodha wa meli ya tani elfu mbili akashindwa na nazi. Alijikata kidole gumba, akatukana kwa lugha yake, Kauriri akajifunza tusi lile siku hiyo hiyo na analitumia hadi leo bila kujua maana yake. Wakamwachisha mbata, wakampa nyavu za jirani azishone. Hapo ndipo tulipofunga midomo. Vidole vyake virefu vilikwenda kama vya bibi anayesuka ukili. Wanawake walileta nyavu zilizochanika tangu enzi za baba zao. Alizishona zote, amenuna, hataki kusifiwa.

Asubuhi moja nilikwenda kumpelekea karatasi ya kutia saini nikawakuta wanakunywa chai, yeye na Roreti. Nahodha alikuwa akisimulia habari za kwao. Baba yake alikuwa na mashua ndogo ya dagaa. Kila mwaka dagaa walipungua, kila mwaka meli kubwa zilisogea, mpaka siku moja baba akapaka mashua rangi nzuri, akaiweka bustanini, akapanda maua ndani yake.

"Basi unajua," Roreti akasema.

"Ninajua."

"Na ukaja kutufanyia sisi."

Nahodha akageuza kikombe. "Kampuni inataka tani. Nisipoleta tani, wataleta nahodha mwingine."

"Hilo kila mtu husema. Hata aliyewamaliza dagaa wa baba yako alisema."

Nahodha akauliza jambo ambalo naona lilikuwa likimkera. "Crisanto ameniambia kwamba zile siku mbili ulikuwa unalala na kiti mlangoni. Kweli?"

"Kweli. Na viatu miguuni."

"Kwa nini? Mimi nisingekugusa."

"Wewe ulijua hivyo, Kapteni. Mimi ningejuaje? Meli yako, watu wako, na nchi kavu iko umbali wa siku mbili. Ulipowaacha watu wako wasinisogezee chumvi, ulidhani nilikuwa nawaza nini? Chumvi?"

Masikio ya nahodha yakawa mekundu kama jodari mbichi. Alitia saini karatasi yangu mahali pasipopaswa, nikalazimika kuchapa nyingine.

Si wote waliofurahi. Jumapili baada ya ibada watu walijikusanya nje ya kanisa wakaanza kumchokonoa Roreti. "Kala samaki wetu, sasa anakula shelisheli letu!" "Dada, tupe siri, ulienda kuangalia meli au kuangalia mume?" Wengine walikuwa na hasira kweli, kwa kuwa walijua mwishowe ataondoka. Mzee mmoja wa kamati ya kanisa alisema wazi kwamba meli ile izamishwe iwe mfano.

Roreti akasimama kwenye ngazi za kanisa, magoti yakimuuma, akashika nguzo.

"Haya, tuizamishe," akasema. "Kesho nyingine ikiona doria itasimama? Itakimbia, na boti yetu ni moja. Hawa wanasimama kwa sababu wanajua tukiwakamata tutawapeleka mahakamani, hatutawala nyama. Bahari ni yetu kwa sheria, jamani, si kwa ubavu. Ubavu hatuna! Tazameni ubavu wa Moaniba."

Watu wakacheka, Moaniba akavuta tumbo ndani.

"Tumepewa kula," akaendelea, "na tumepewa kulinda. Wale watoto wa jodari wasipolindwa na sisi, hakuna wa kuwalinda. Mgeni tukimruhusu, tumruhusu kwa sheria. Akikosa, tumkamate kwa sheria. Akiweka dhamana ya kutosha, tumwachie upesi, hata kama roho inauma. Na roho yangu mimi inauma kuliko zenu, maana chokoleti zile zimeyeyuka."

Siku ya kumi na moja dhamana ya kampuni ikaingia. Benki ikathibitisha, wanasheria wa serikali kule makao makuu, Tarawa, wakathibitisha, nami nikagonga mhuri. Meli iko huru kwenda, kesi itaendelea bila nahodha kuwepo. Kwa faida ya wanaopenda kujua mwisho: kampuni haikubisha. Chelezo kilichotamkwa na nahodha mwenyewe kilikuwa kimeandikwa vizuri mno. Wiki tano baadaye mwakilishi wao alisimama mbele ya hakimu, akakiri, wakalipa faini, na shehena ya siku ile ikataifishwa.

Lakini siku ile ya dhamana kulikuwa na jambo hakuna aliyelifikiria. Nahodha alifika kituoni, amenyoa, begi mkononi, kuaga. Nilikuwa nasoma masharti ya leseni yake mara ya mwisho, nikasimama kwenye mstari mmoja.

"Kapteni," nikasema, "huwezi kuvua."

"Dhamana imelipwa!"

"Kuondoka unaweza. Kuvua huwezi bila mwangalizi. Wako alishuka."

Moaniba akafungua kitabu chake, ingawa jambo hilo halikuwemo mle. Tukapiga simu idara ya uvuvi. Waangalizi wengine wote wa kisiwa walikuwa baharini. Wa Tarawa angesubiri ndege, wiki nzima au mbili. Aliyekuwepo kisiwani alikuwa mmoja.

Akaitwa. Akaja, na Kauriri nyuma yake.

"Hapana," Kauriri akasema kabla hajaambiwa. "Hapana, hapana. Mwanamke amemkamatisha mtu, halafu apande meli ya mtu huyo huyo? Hata kuku hamrudii aliyemkosa kwa kisu!"

Nilimwona Roreti akitazama nje ya dirisha, kule Santa Griselda ilikotia nanga. Nilimfahamu miaka mingi na sikuwahi kumwona akiogopa, au labda sikuwahi kumtazama vizuri. Siku ile niliona. Mikono yake aliiweka chini ya meza.

"Nikikataa," akasema hatimaye, "kila nahodha atajua dawa ya mwangalizi ni kumnunia. Nipe karatasi, karani."

Akaandika masharti manne. Komeo la chuma kwenye mlango wake, kwa ndani, lifungwe na fundi wa huku, si wa kule. Kila siku jua likizama atatuma ujumbe kituoni. Usipofika, doria itoke. Yule msaidizi wa nahodha ashuke, arudi kwao kwa ndege. La nne, chumvi iwekwe katikati ya meza.

Nahodha alisoma. La tatu lilimkwama. Yule msaidizi alikuwa amefanya naye kazi miaka tisa. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Kisha akaomba kalamu, akatia saini, safari hii mahali pake.

"Wewe ni mwanamke mgumu," akamwambia.

"Magoti tu ndiyo laini," Roreti akasema.

Fundi alifunga komeo siku hiyo hiyo. Msaidizi alishuka na mizigo yake bila kumuaga mtu, akangoja ndege akiwa amelala chini ya kibanda cha gati. Alfajiri ya kesho yake Kauriri alimsindikiza mkewe na chupa mbili za asali inayopikwa kwa tembo. Alikataa kumpa nahodha mkono, kisha akampa, kisha akamtukana lile tusi aliloliokota kwake. Nahodha alishtuka, akacheka. Ndiyo mara pekee nilimwona akicheka, na meno yalikuwa mazuri tu.

Crisanto alimvuta Roreti kupanda ngazi ya kamba. "Pole pole, Mama Kalamu. Binamu yangu anasema hakuamini niliposema London ina kaa wanaovuka barabara."

Jioni ile sisi watatu, mimi, Moaniba na Kauriri, tulikaa kituoni tukisubiri. Kauriri alijifanya amekuja kuona kuku. Jua lilizama, kifaa chetu cha kupokea ujumbe hakikulia. Moaniba akaanza kutafuta kofia yake. Kauriri akasimama. Dakika kama kumi zilipita ambazo sipendi kuzikumbuka.

Kikalia. Nikausoma ujumbe kwa sauti:

"Nimechelewa, nilikuwa nakula. Bahari shwari. Wavu mara moja, sehewa tani kumi na nane, kundi huru, si la chelezo, safi. Nahodha amenuna. Wali umezidi maji."

Kauriri akaomba nisome tena pale pa wali.